Wiski yangu niliijulia kwenye pipa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na Wakenya wenzangu tangu nihamie Glasgow ni wiski gani iliyo bora. Sina jibu la swali hilo, na siamini kwamba lipo. Ninachoweza kueleza ni namna nilivyoitafuta ninayoipenda mimi mpaka nikaijua, kwa mshahara wa kawaida, katika mji ambao rafu za duka moja zinaweza kubeba mamia ya chupa.

Kujaribu kwa kununua chupa nzima kungenimaliza, kwa hiyo nilianzia baa. Kipimo cha kawaida hapa ni mililita 25, na baa zinazojali wiski huwa na chupa nyingi zilizokwisha kufunguliwa. Naagiza toti mbili kwa mpigo, naziweka mbele yangu pamoja, nanusa hii kisha ile, naonja hii kisha ile. Ulimi husahau upesi mno. Ukionja moja leo na nyingine wiki ijayo, utakachokumbuka ni sifa ulizosoma kwenye kasha. Lazima niwe nimekula, na toti mbili zinatosha jioni nzima. Gari hubaki nyumbani: tangu 2014 kiwango cha kileo anachoruhusiwa dereva Uskoti kiko chini kuliko cha England.

Jozi iliyonisaidia zaidi ilitoka Islay, kisiwa cha magharibi ambacho kila mtu alikuwa ameniambia kwamba wiski yake ni moshi mtupu. Niliipanga hivi: mahali na umri vifanane, mengine yatofautiane. Nikaagiza Caol Ila ya miaka 12 na Bunnahabhain ya miaka 12. Viwanda hivyo viko kwenye pwani moja, kilomita chache tu kutoka kimoja hadi kingine, vikitazama mlango uleule wa bahari. Caol Ila ilikuja na moshi, limau na chumvi. Bunnahabhain haikuwa na moshi. Nilikuta zabibu kavu na njugu. Kumbe kimea cha ile ya kwanza, yaani shayiri iliyooteshwa, hukaushwa kwa moshi wa piti, udongo mweusi wa vinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa vipande, ukakaushwa na kuchomwa. Kimea cha chupa ile ya pili hakipitii moshi huo, na ladha yake nyingi huipata kwenye mapipa yaliyobeba sheri, mvinyo wa Jerez kule Hispania. Tangu hapo simwulizi mhudumu wiski inatoka eneo gani. Namwuliza mambo mawili: kimea kilipita kwenye moshi? Na pipa lilibeba nini kabla?

Hilo la pipa ndilo kubwa. Kanuni za mwaka 2009 zinataka wiski ya Uskoti ikomazwe hapa hapa Uskoti, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua mitatu, na iingie chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Ikitoka kwenye mtambo wa kukenekea haina rangi. Rangi na sehemu kubwa ya ladha huzipata kwenye mbao. Hata hivyo siiamini sana rangi, maana kanuni hizo hizo zinaruhusu kutia karameli ili chupa zifanane. Umri ulioandikwa ni wa kweli, nao ni wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo chupani, lakini hausemi pipa lilikuwa katika hali gani. Pipa likishajazwa mara kadhaa hupungukiwa nguvu. Wiski ikilazwa humo miaka 18 inaweza kutoka imepooza kuliko ya miaka 10 iliyolala kwenye pipa zuri. Kwa sababu hiyo siongezi pesa kwa ajili ya umri peke yake, na nadhani wengi wangefaidi zaidi kama wangefanya hivyo.

Mapipa mengi yanayotumika hapa yametoka Marekani, na sababu yake ni sheria ya kule. Bourbon, wiski ya kule ambayo nafaka yake lazima iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, hukomazwa kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja haliwezi tena kukomaza bourbon, basi huuzwa, na Waskoti ni wanunuzi wakubwa. Mimi ni Mkalenjin. Nimekulia kwenye mursik, maziwa yanayogandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mti wa senetwet mpaka mkaa ukashika kuta zake. Siku nilipooneshwa pipa la bourbon lililopasuliwa, ndani limeungua jeusi, sikuhitaji kuelezwa kazi ya mkaa ule. Unaondoa ukali, halafu mbao zilizo nyuma yake zinaachia utamu: vanila, nazi, asali kidogo. Ladha hizo ndizo ninazozitafuta.

Ndivyo nilivyofikia chaguo langu: moshi wa piti juu ya pipa la bourbon, bila sheri. Ardbeg ya miaka 10 ndiyo mfano ulionyooka kuliko yote niliyoonja. Laphroaig ya miaka 10 iko karibu nayo, ila ina harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, na wageni wangu wengi huirudisha mezani baada ya funda la kwanza. Mimi naipenda, hasa siku za mvua, nazo Glasgow haina upungufu wa siku hizo. Moshi mzito ukikutana na sheri nzito, mdomoni mwangu vinagombana. Najua watu wanaoabudu mchanganyiko huo, na sina ugomvi nao.

Maji nayo nilijifunza kuyatia, matone machache, kwa kijiko. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliiga kwa kompyuta mwendo wa guayakoli, kemikali inayohusika na ladha ya moshi, ndani ya maji na kileo. Waliona kwamba kileo kikiwa kingi sana, guayakoli huzama ndani. Kikishuka hadi asilimia 45 au chini ya hapo, hupanda karibu na uso, pale pua inapofika. Ardbeg hiyo ina asilimia 46, na kwenye bilauri yangu matone machache hufungua harufu ambayo mwanzo ilikuwa imejificha. Barafu hufanya kinyume, hufunga. Kwa wiski ya moshi siitii.

Nje ya Uskoti sikai sana, lakini kuna mahali pawili ninaporudia. Redbreast ya miaka 12 kutoka Ayalandi hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa pamoja na ambayo haikuoteshwa, na inateleza kooni kwa namna ambayo Uskoti hainipi. Pia wiski ya Japani, kwa heshima ya Masataka Taketsuru, kijana aliyekuja kusoma hapa Glasgow mwaka 1918, akafanya mazoezi kwenye viwanda vya Uskoti, akarudi kwao na hatimaye kujenga kiwanda chake Yoichi mwaka 1934. Yoichi nao wanatumia piti.

Kumchagulia mtu mwingine ni kazi tofauti, na humo ndimo nilipopima kama mbinu yangu inafaa. Shemeji yangu wa Eldoret hunywa Johnnie Walker Black Label kwa soda na barafu, na nikienda likizo husema, "Shemeji, usiniletee hizo zenu za kunusa." Sikumbishia. Nilimwuliza tu anapenda nini katika hiyo anayokunywa. Akafikiri, akasema ni kile kimoshi kinachobaki mdomoni soda ikishapita. Black Label ni mchanganyiko wa wiski nyingi, na Caol Ila ni mojawapo ya zile zinazoupa moshi. Safari iliyofuata nikamletea Caol Ila yenyewe. Aliionja bila kitu, akanyamaza, akatia maji kidogo, kisha akasema, "Shemeji, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta ndani ya ile." Soda ilibaki kwenye friji.

Sasa anataka nimjaribishie upande wa sheri, kwa sababu dada yangu hapendi moshi na wangependa kunywa chupa moja. Nimewachagulia Glenfarclas ya miaka 15: asilimia 46, mapipa ya sheri, haina piti.