Wiki ya Nane Ngazini

Leo asubuhi nimetoka kitandani nikafika mlangoni bila kushika ukuta. Kwa muda wa miezi mitatu hatua zangu za kwanza zilikuwa za kuchechemea, kisigino kimekakamaa, kisha baada ya dakika chache maumivu yanalegea, nami najidanganya kwamba nimepona.

Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliongeza umbali wa kukimbia karibu maradufu ndani ya wiki mbili. Msuli huzoea mzigo upesi, lakini kano, yaani ule ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa, ambalo hupata damu kidogo, hujijenga polepole mno. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba kiini cha kano la kisigino karibu hakijifanyi upya tena baada ya umri wa miaka 17. Niliposoma hayo niliona haya kwa jinsi nilivyolitumikisha langu.

Nilipumzika kabisa wiki tatu, maumivu yakatulia, nikakimbia mara moja tu yakarudi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniuliza kwanza kama nilikuwa nimemeza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, maana dawa hiyo huweza kudhoofisha makano, kisha akanieleza kwamba kano lisilobebeshwa mzigo huzidi kupoteza nguvu. Akanipa zoezi ambalo Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walilichapisha mwaka 1998: nasimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, najiinua kwa miguu yote miwili, nahamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, halafu nashusha kisigino taratibu hadi chini ya usawa wa ngazi. Ni mara 15 kwa seti tatu, goti likiwa limenyooka, na seti nyingine tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Anayeumwa pale kano linaposhikana na mfupa hatakiwi kushuka chini ya usawa huo.

Zoezi lenyewe linauma, na hilo ndilo lililoniwia gumu kulikubali. Ninachokipima ni asubuhi inayofuata: katika daftari langu, kwa kipimo cha 0 hadi 10, wiki ya kwanza niliandika 6, wiki ya nne 4, leo 1. Nikilibana kano kwa vidole viwili bado nahisi kifundo kidogo, na hapo pananiuma. Kesho nitajaribu kukimbia dakika 10 kwa mwendo wa pole, na keshokutwa, nikishusha mguu kitandani, nitajua kama zilikuwa nyingi.