Zahanati ilipopata akaunti yake

Nilichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu nikiwa sijui leja, yaani daftari la hesabu, ni kitu gani. Kazi yetu ilikuwa kuitwa, kusomewa taarifa na kutia saini. Fedha hatukuziona, kwa kuwa zile za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, ziliishia halmashauri, nasi tukaletewa vitu, vingine hata hatukuviomba.

Mwaka wa fedha 2017/2018 Serikali ya Tanzania ilianza kupeleka fedha hizo moja kwa moja kwenye akaunti ya kila kituo. Mganga mfawidhi wetu, ambaye asubuhi hupima wajawazito na mchana hugawa dawa, sasa akatakiwa pia kuandaa hati za malipo na kuingiza matumizi katika FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo. Semina tulikwishahudhuria, tena zaidi ya moja (posho ilitoka, na pilau halikuwa baya), lakini aliyetufundisha ni mhasibu msaidizi wa kituo cha afya cha kata, aliyekuja kwa pikipiki, akaketi nasi kwenye benchi la wagonjwa na kupitia risiti moja moja mpaka tukaelewa kwa nini salio la benki halilingani na la daftari. Zilikuwa shilingi 18,000 za nauli ya kufuata dawa, zilizoandikwa mara mbili.

Tangu siku hiyo vikao vilibadilika. Mama mmoja muuza mkaa, ambaye hakumaliza darasa la saba, alizoea kuomba leja ya stoo na kuilinganisha na hati ya mapokezi ya dawa. Na Bohari ya Dawa, ghala la Serikali linalotuuzia dawa, ilipokosa kitu, ndiye aliyeuliza kwanza kama tumeagiza kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa kuziba pengo la Bohari, kwa utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Mganga alipohamishwa, aliyempokea alikuta majalada yamepangwa na wajumbe wanaoweza kumweleza kila shilingi ilikokwenda.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tulipojengewa uwezo, ila haukuwekewa njia ya kurithishwa. Kamati hukaa miaka mitatu, kisha huchaguliwa wengine, na kikao cha makabidhiano chetu kilikuwa cha nusu saa. Wajumbe wapya, wanapokwama, humfuata yule mama gengeni kwake na daftari mkononi. Semina yao bado haijaitishwa.