Kazi Tatu Katika Foleni Moja

Programu ile, iliyoandikwa kwa lugha ya Java na Swing, maktaba yake ya kutengeneza madirisha na vitufe, nilikabidhiwa ikiwa tayari inatumika. Mtumiaji alipobonyeza kitufe, ilipaswa kusoma faili, kuingiza rekodi kwenye hifadhidata, kisha kutayarisha ripoti. Kila kazi ilikuwa na SwingWorker yake, yaani chombo cha Swing cha kufanya kazi ndefu nyuma ya dirisha, na zote zilianzishwa kwa mpigo. Malalamiko yalikuwa kwamba mara nyingine ripoti ilitoka tupu.

Nilianza kwa kuongeza katika kila kazi mstari wa kuandika saa na jina la uzi, yaani mkondo wa utekelezaji unaoweza kwenda sambamba na mingine ndani ya programu. Kumbukumbu ilionyesha kwamba SwingWorker-pool-1-thread-3 ulikuwa umekwisha kumaliza ripoti ilhali wa kwanza bado unasoma faili. Tangu Java 6 ya mwaka 2006, SwingWorker hugawa kazi kwa kundi la nyuzi zisizozidi 10, na haiahidi popote kwamba iliyotangulia kuanza ndiyo itakayotangulia kwisha.

Mwenzangu alipendekeza tuite get(), inayosubiri kazi iishe na kuleta matokeo yake, baada ya kuanzisha kila kazi. Tulijaribu, na mpangilio ukakaa sawa, lakini dirisha liliganda: kitufe kilibaki kimebonyea na upau wa maendeleo haukusogea, kwa sababu uzi uliokuwa ukisubiri ndio huohuo unaochora dirisha na kupokea mibonyezo. Hilo sikulikubali hata kidogo, kwani mtu akiona dirisha limeganda huifunga programu kwa nguvu, na data hukatika njiani.

Ndipo tulipotumia newSingleThreadExecutor, iliyopo tangu Java 5, inayotengeneza foleni ambamo uzi mmoja hufanya kazi moja baada ya nyingine. Kwa kuwa SwingWorker yenyewe ni Runnable, yaani kazi inayoweza kukabidhiwa uzi wowote, tuliikabidhi kwa foleni hiyo yenye uzi mmoja badala ya kuiacha ijianzishe. Kazi zikafuatana, na done(), sehemu ya SwingWorker inayoitwa kazi ikishakwisha, ikaendelea kuitwa kwenye uzi wa dirisha kama kawaida. Nilifurahi sana kuona upau ukisogea huku dirisha likiitikia kila mbonyezo.

Jioni tulijaribu faili lililoharibika. Usomaji ulishindwa kimyakimya, na foleni, isiyojali kama kazi iliyopita imefaulu, ikaendelea hadi ripoti. Kwa hiyo tulihamishia ukabidhi wa kila kazi ndani ya done() ya iliyoitangulia, baada ya kuita get() hapo, mahali ambapo haisubirishi mtu na hutoa hitilafu iliyofichika. Foleni tuliiacha palepale, kwa kuwa vitufe vingine navyo viliandika katika hifadhidata hiyohiyo.