Laptopu imenitoa jasho leo

Jamani, leo nusura nilie mbele ya laptopu.

Nilikuwa na kazi ya kutuma kabla ya saa sita mchana. Saa nne nikawasha hotspoti ya simu, bando lipo la kutosha. Simu ya mama inaiona. Tabuleti ya mtoto inaiona. Laptopu yangu, kimya. Inaniletea waifai za majirani wote, hadi ya yule wa ghorofa ya tatu aliyeiita "Nunua Yako".

Yangu haimo.

Nikazima, nikawasha. Nikaisogeza simu mpaka nikailaza juu ya kibodi kabisa, utadhani shida ni umbali.

Saa tano na nusu akapita mdogo wangu na kikombe cha chai mkononi. Akafungua mipangilio ya hotspoti, akakuta imewekwa GHz 5, yaani aina mojawapo ya masafa ya mawimbi ya waifai.

"Dada, hii laptopu ni ya zamani. Inasoma 2.4 tu."

Akabonyeza mara moja kuiweka 2.4, jina la simu yangu likachomoza kwenye orodha. Nilitamani kulipigia vigelegele!

Kazi imefika saa sita kasoro dakika nne.

Ila kinachonikera mpaka sasa ni kile kikombe. Mimi saa nzima na nusu nahangaika, yeye hata hakukiweka chini. Chai yenyewe ilikuwa bado inatoa moshi.

Nani mwingine yamemkuta? Semeni basi, nisijione mshamba peke yangu 😅