Tangi la matumbawe la lita 650: anza na siku umeme utakapokatika

Tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60 lina ujazo wa lita 648 kwenye karatasi. Ukitoa unene wa kioo, mchanga, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, ndani hukaa maji kama lita 500. Tangi la chini, yaani sampu, la 120 kwa 45 kwa 45 huongeza lita 120 hivi. Kwa hiyo maji utakayoyahudumia kila siku ni lita 620, na hesabu zote za hapa chini zinafuata kipimo hicho. Ukubwa huu unawafaa matumbawe kwa sababu maji mengi hubadilika polepole: joto, chumvi na madini haviruki ghafla. Ila maji mengi yakitoroka, hutoroka mengi. Ndiyo maana kabla ya kununua taa au kuchagua samaki, jiulize: umeme ukikatika saa nane usiku, maji haya yatakwenda wapi?

Kwanza sakafu. Kioo cha milimita 15 kwa tangi hili kina uzito wa kilo 150 hivi, maji ya chumvi kilo 635, mawe 50, mchanga 60, sampu tupu na stendi kilo 130 au zaidi. Jumla imepita tani moja, tena juu ya eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Sakafu za ghorofa katika nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hilo halimaanishi kwamba sakafu itaporomoka, maana mzigo husambaa kwenye mihimili, lakini kukisia hakufai. Mwite mhandisi, na tangi likae kando ya ukuta unaobeba nyumba, likikatiza mihimili badala ya kulala juu ya mmoja. Kwenye zege lililomwagwa juu ya ardhi, endelea na kazi.

Stendi isawazishwe kwa pimamaji. Vipande vya kusawazishia viwekwe chini ya stendi, kamwe si kati ya stendi na tangi, kwani kioo kinachobebwa na ncha moja hupasuka. Tangi lisilo na fremu hutandikiwa mkeka wa sponji ngumu wa milimita 10. Ukishajaza sentimita 10 za kwanza, simama na upime kimo cha maji kwenye pembe zote nne. Tofauti ikizidi milimita 3, toa maji usawazishe upya. Ni saa moja ya kazi sasa. Baadaye utalazimika kuhamisha mawe na viumbe vyote.

Sasa mabomba, na hapa usiwe na haraka. Mfumo ninaoupendekeza kwa tangi la ukubwa huu ni wa mabomba matatu ya kushushia maji, yote yakitoka kwenye kisanduku cha kufurikia kilicho nyuma. Bomba la kwanza lina vali na hushusha maji likiwa limejaa kabisa, bila hewa, hivyo haligugumii. La pili liko wazi kwa juu na hupitisha kijito chembamba tu. La tatu liko juu zaidi na hukaa kavu siku zote, likisubiri ajali. Washa pampu ya kurudishia maji juu kutoka sampu, kisha kaza vali ya bomba la kwanza kidogo kidogo mpaka maji yapande na kuanza kuchuruzika kwenye la pili. Ukiona uzi mwembamba wa maji unashuka humo na sauti imekatika, acha hapo. Vali iwe ya kuzungusha gurudumu, kwa sababu ile ya kishikio cha robo mzunguko haina uwezo wa kurekebisha kwa kiasi kidogo namna hiyo. Mdomo wa bomba la kwanza uzame kwenye sampu sentimita 2 au 3 tu. Ukizamisha zaidi, hewa iliyobaki ndani hushindwa kutoka pampu inapowaka upya, na bomba hubaki likikoroma bila kujaa.

Halafu lifanyie jaribio ambalo watu wengi huliruka: ziba bomba la kwanza kabisa pampu ikiwa inafanya kazi. Mabomba mawili yaliyobaki yabebe maji yote bila tangi la juu kufurika. Yakishindwa, pampu yako ni kubwa mno au mabomba ni membamba. Konokono mmoja anatosha kuziba la kwanza.

Kuhusu kutoboa: uliza kama kioo kimeimarishwa kwa joto, kwani cha namna hiyo kikiguswa na keekee husambaratika chote. Kioo cha kawaida hutobolewa kwa kichwa cha almasi, kwa mwendo wa taratibu, maji yakimiminika kwenye mkato, na bila kukandamiza. Umbali kutoka ukingo wa kioo hadi ukingo wa tundu usipungue kipenyo cha tundu lenyewe. Kwenye kiungo cha kupitisha bomba, washa ya mpira hukaa upande wa kola, nati hukazwa kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko. Usiipake silikoni, hufanya washa iteleze.

Turudi kwenye umeme kukatika. Ndani ya tangi hili, kila sentimita moja ya kimo ni lita 10. Pampu ikizimika, maji hushuka hadi ukingo wa kisanduku cha kufurikia, tuseme sentimita 3, yaani lita 30, na mabomba huongeza kama lita 8. Kwenye sampu kila sentimita ni lita 5.4, kwa hiyo maji hupanda sentimita 7. Ikiwa sampu inafanya kazi kwenye kimo cha sentimita 22, utaishia 29, na kila kitu kiko salama. Sasa tuseme mdomo wa bomba la kurudishia maji juu umezamishwa sentimita 12 chini ya uso wa maji kwa sababu ulipendeza pale. Pampu ikizimika, bomba hilo hunyonya kinyume mpaka mdomo upate hewa. Lita 120 na zile 8 za mabomba huinua sampu karibu sentimita 24, na 22 jumlisha 24 ni 46. Sampu yako ina 45, na hapo hujatoa unene wa kioo chake. Mdomo ukae sentimita 2 chini ya uso, basi. Vali ya kuzuia maji kurudi isitegemewe kwa kazi hii, maana chokaa na vikonokono huizuia isifunge sawasawa.

Ndani ya sampu, kioo cha kigawio kinachofuata skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) kikatwe kwa kimo ambacho skima yenyewe inahitaji. Soma maelekezo yake kabla ya kugandisha vioo. Skima ikikaa kwenye maji mengi kuliko inavyotaka hutoa uchafu mwepesi kama chai, na kwenye maji machache haitoi kitu. Pampu ya kurudishia ipeleke lita 3,000 kwa saa zinazofika kweli juu. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote, kwa hiyo kwa kimo cha mita 1.4 na viwiko kadhaa, tafuta iliyoandikwa 5,000 hivi. Badala ya kiwiko kimoja cha nyuzi 90, tumia viwili vya 45.

Kwa majaribio tu, mfumo mzima ujazwe maji ya bomba ya kawaida na uachwe ukizunguka siku tatu. Futa kila kiungo kwa karatasi kavu asubuhi na jioni. Kisha zima umeme, washa, zima tena, mara kumi.

Hita ziwe mbili za wati 300 badala ya moja ya 600, zote chini ya kidhibiti cha joto cha nje. Hita huweza kuharibika kwa kugoma kuzima, si kwa kugoma kuwaka tu. Wati 600 zilizokwama huongeza nyuzi moja kwa dakika 70 hivi. Wati 300 huchukua zaidi ya saa mbili, na joto linalopotea hewani huzipunguzia nguvu zaidi. Lenga nyuzi 25 hadi 26. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalotambaa lidondoke sakafuni, na vyote viunganishwe kwenye swichi inayokata umeme unapovuja. Weka pia pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, kwani umeme ukikatika kwa muda mrefu samaki hufa kwa kukosa oksijeni kabla baridi haijawafikia.

Maji yanayopungua kwa kukauka ni matamu, chumvi hubaki. Lita 6 kwa siku ni jambo la kawaida, na upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu pekee, ambacho kikiwa cha 30 kwa 45 hushuka zaidi ya sentimita 4 kwa siku. Ndiyo sababu kifaa cha kujazia maji matamu chenyewe kinahitajika, na ndiyo sababu pipa lake liwe dogo. Kihisio kikigoma na kumwaga pipa la lita 20, chumvi hutoka 35 kwa elfu hadi 33.9, na matumbawe huvumilia. Pipa la lita 80 huishusha hadi 31, na hapo utaanza kuhesabu vifo.

Maji ya kujazia na ya kuchanganyia chumvi yapite kwenye chujio la RO (utando unaozuia madini yaliyoyeyuka) na resini, mpaka kipimo cha madini hayo kisome sifuri. Maji ya bomba huleta shaba inayoua viumbe wasio na uti wa mgongo, na fosfeti na silika zinazolisha mwani. Kwa lita 620 utahitaji chumvi kilo 24 hivi. Lenga 35 kwa elfu, na kipimachumvi kirekebishwe kwa kimiminika maalumu cha 35, kwani kurekebisha kwa maji matupu huacha kosa pale pale unapopima kila siku.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga ufuate baadaye. Ukianza na mchanga, kamba na samaki wachimbaji watachimba chini ya mawe, nayo yataporomoka. Yaunganishe kwa saruji ya akwariamu na vijiti vya faibaglasi, ukiacha sentimita 10 hadi 15 kutoka vioo ili sumaku ya kusafishia ipite. Mchanga wa aragonaiti wa milimita 1 hadi 2, kina cha sentimita 4, unatosha. Pampu za mawimbi zisukume jumla ya lita 15,000 hadi 20,000 kwa saa, zikigongana katikati badala ya kupiga tumbawe moja kwa moja.

Kukomaza tangi, yaani kuotesha bakteria wanaoondoa amonia, hakuhitaji samaki wa kuteseka. Gramu 4 za kloridi ya amoniamu huleta amonia ya miligramu 2 kwa lita. Ongeza bakteria wa chupa, zima taa, subiri. Dozi hiyo ikiisha ndani ya saa 24 bila kuacha amonia wala naitraiti, tangi liko tayari. Mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Taa zikiwashwa utaona vumbi la kahawia kwenye mchanga. Hilo hupita lenyewe. La kuogopwa ni dinoflagelata: utando wa kamasi ya kahawia wenye nyuzi na viputo vya hewa, unaofifia usiku na kurudi mchana. Mara nyingi hutokea pale naitreti na fosfeti zinapofika sifuri kwa sababu ya usafi uliopita kiasi. Kwa hiyo chujio la fosfeti libaki kabatini, na uache naitreti ielee kwenye miligramu 5 kwa lita na fosfeti kwenye 0.05.

Kila samaki akae karantini kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans, ukiingia kwenye tangi lenye mawe hautibiki humo, kwa kuwa dawa ya shaba huua matumbawe. Utalazimika kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki siku 76.

Matumbawe ya kwanza yawe laini: Sarcophyton, Discosoma, Zoanthus. Hawa wa mwisho hushikwa kwa glavu na miwani, kwani baadhi yao na jamaa zao wana palitoksini, sumu kali. Jiwe lao lisichemshwe kamwe, maana mvuke wake umeshapeleka watu hospitalini. Taa ianze na asilimia 30 ya nguvu na ipande polepole kwa wiki nne hadi sita. Acropora, matumbawe magumu ya matawi, wasubiri miezi sita au zaidi.

Matumbawe ya mifupa yakianza kukua, kipimo cha kufuatilia ni alkali. Pima saa ile ile kila siku kwa wiki moja bila kuongeza chochote, na utajua tangi linakula kiasi gani. Kwa kila dKH 1 (kizio cha alkali) inayoliwa, kalisi hushuka miligramu 7 hivi kwa lita, kwa hiyo viwili hivi hurudishwa pamoja. Gramu 19 za bikaboneti ya sodiamu, zilizoyeyushwa kwenye maji ya RO, hupandisha lita 620 kwa dKH 1. Lenga 8, na usipandishe zaidi ya 1 kwa siku hata ukikuta imeshuka hadi 6. Mimina kidogo kidogo kwenye chumba cha pampu, penye mkondo. Ukiona wingu jeupe linatanda, umemimina haraka mno: simama, subiri litoweke, ndipo uendelee.