Sampuli za Shimanzi kwenye Dele la Mjomba

Wakati ule nilikuwa karani kwenye godauni la kahawa Shimanzi, karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa daftari: gunia limeingia, gunia limetoka, lina alama gani, linakwenda meli gani. Waliozijua kahawa zenyewe walikuwa watu wa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli. Mtu analidunga gunia la kilo 60 ubavuni, buni zinateremka kwenye ule mfereji wa chuma, anazinusa, anazimwaga kwenye sinia. Sampuli zikishakaguliwa hazikurudishwa guniani, na sisi wadogo tuliruhusiwa kugawana.

Jioni moja nikabeba mifuko mitatu ya khaki hadi Kibokoni kwa mjomba wangu, muuza kahawa tungu, yaani ile chungu ya barazani. Mmoja ulikuwa na arabika ya Nyeri ya daraja la AA, wa pili aina nyingine, robusta ya Uganda, wa tatu kahawa iitwayo mbuni. Nilitaka kuona mtu aliyepika kahawa maisha yake yote atachagua nini akipewa zote tatu bure.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ndoo, keti. Umeniletea nini?"

Akazimwaga kwenye ungo, fungu fungu, akavaa miwani. AA zilikuwa kubwa sawasawa, bapa, za kijani kilichofifia, na ule mfuo wa katikati umepinda. Robusta zilikuwa ndogo na za mviringo zaidi, mfuo wake umenyooka. Mbuni zilikuwa za manjano-manjano, kubwa kwa ndogo, nyingine zimevunjika. Hizo ni zile zinazokaushwa juani na ganda lake badala ya kumenywa, kuvundikwa na kuoshwa kama kahawa nyingine za Kenya.

"Hizi ndizo ghali?" akauliza, kidole kwenye AA.

Nikamwambia ndizo, ila herufi hizo ni za ukubwa. Buni hupitishwa kwenye chekeche, na zinazokataa kupita matundu ya milimita saba na kitu ndizo AA. Zinafuata AB. PB ni za lile tunda lililotoa punje moja badala ya mbili, ikakua mviringo. Buni kubwa hulipwa vizuri mnadani Nairobi, na mara nyingi ni nzuri kweli, lakini chekeche halina ulimi. Mjomba akacheka. Akasema basi leo ulimi utafute wenyewe.

Akawasha seredani, akaweka karai lake zito. Alianza na AA, na alizikaanga kama anavyokaanga za biashara. Nilisimama karibu mno, moshi ukaniingia machoni. Buni zilitoka kijani zikawa manjano, zikanuka nyasi zilizokauka, kisha mkate. Mwiko wake haukupumzika hata kidogo. Zikaanza kupasuka, pa, pa, pa, maganda membamba yakiruka na kushika moto kwenye makaa. Kelele zikatulia. Mjomba hakuepua. Aliendelea mpaka zikapasuka mara ya pili, kwa sauti ndogo kavu, na zikaanza kung'aa mafuta. Hapo ndipo alipozimwaga kwenye ungo na kuzipeta kwa haraka, maana zikiachwa na joto lake zinaendelea kujikaanga zenyewe. Robusta na mbuni nazo zikapita njia hiyo hiyo. Mbuni zilimsumbua, kwa sababu ndogo zilikuwa zimeungua wakati kubwa bado.

Kinu, mchi, chujio la kitambaa, tangawizi kavu, iliki kidogo. Haya hayana hadithi.

Baada ya Isha wazee wa barazani wakapewa vikombe. Ile ya AA waliinywa bila kusema neno, jambo ambalo si la kawaida pale. Kisha mmoja akauliza kama maji yalikuwa ya jana. Mwingine akasema ina ukali fulani usiokaa vizuri na tangawizi. Robusta waliusifu uchungu wake, ila ilikuwa nzito bila harufu. Mbuni ikashinda, na ilipochanganywa na robusta kidogo wakaomba tena. Mzee mmoja wa Taita, ambaye hakosi la kusema, akatukumbusha kuwa sisi Waswahili tunajigamba na kahawa ya Yemen iliyokuja na majahazi, lakini miche ya kwanza ya Kenya ilipandwa kwao Bura mwaka 1893, na wamisionari wa Kifaransa. Hakuna aliyembishia; kashata zilikuwa zimefika.

Nilimuuliza mjomba kwa nini mbuni. Alinijibu huku akipepea makaa chini ya dele, birika lake la kahawa. Kahawa yake inakaa motoni usiku kucha, na chochote chepesi ndani yake kitakufa kabla ya kikombe cha kumi. Uchungu haufi. Robusta huongeza nguvu, na ni kweli, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. AA, alisema, ameionea: ameikaanga mpaka ikapoteza kilichoifanya iwe ghali, kisha akaifunika kwa tangawizi.

Alikuwa ameacha konzi mbili za AA mbichi. Akaziweka karaini, safari hii moto mdogo, na kelele za kwanza zilipoanza kutulia akaepua. Zilikuwa za hudhurungi, kavu, hazing'ai. Akanikataza kuzinywa usiku ule, kwani kahawa iliyotoka karaini bado inatoa hewa na ladha yake haijatulia. Niziweke kwenye kopo, nizitwange asubuhi ya siku ya pili.

Nilifanya hivyo. Unga wa chenga, maji yaliyotoka kuchemka, dakika nne, nikachuja. Sikutia sukari. Ulimini ilikuja zambarau: utamu mbele, uchachu pembeni, na ule ukavu kidogo unaobaki baada ya kumeza. Sikuwahi kujua kahawa inaweza kuwa tunda, nami nilikuwa nimeandika magunia yake kwa maelfu. Huo ukawa mtindo wangu wa nyumbani mpaka leo, arabika ya Nyeri au Kirinyaga, moto wa wastani, bila viungo. AB ikiwa imekaangwa juzi naichukua mbele ya AA iliyolala dukani. Lakini nikiketi barazani nakunywa tungu yenye tangawizi kama wenzangu, wala siitamani nyingine.

Nilipompelekea mjomba ile iliyobaki aionje, alikunywa kikombe kizima, akakirudisha, akaniambia nzuri, ninywe mwenyewe. Kisha akataka kujua gunia la mbuni linauzwaje pale Shimanzi, na kama wale watu wa bambo wanaweza kumpa bei.