Nilivyodai nilipwe hata siku nisiporuka

Mjini hapa ndege yoyote isiyo na foleni ya abiria inaitwa praiveti jeti. Mteja anafika Terminal One, lile jengo la zamani la uwanja wa ndege wa Nyerere, Dar, simu iko tayari kwa picha, anaiona Caravan yangu, ndege ndogo ya pangaboi moja, anaganda. "Kapteni, mbona jeti yenyewe ina feni?" Nimeulizwa mara nyingi hadi jibu linatoka lenyewe: ndani ya ile pua mna injini ya ukoo wa jeti, ila nguvu yake inazungusha pangaboi, na pangaboi hilo ndilo linalotuwezesha kutua kwenye changarawe ambako jeti nyingi hazithubutu. Anacheka, tunapiga picha, tunaondoka.

Swali la pili ndilo gumu. Huja tukiwa angani, mteja akiwa kiti cha mbele kando yangu: "Hivi nyie mnalipwa ngapi? Maana mimi hii safari nimelipa mamilioni."

Mamilioni hayo hayaji kwangu. Caravan inakunywa karibu lita 190 za mafuta kwa saa. Injini yake inafanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 3,600, na kila saa tunayoruka inachangia bili hiyo. Kuna bima, kuna ada za kutua, kuna kurudi mtupu baada ya kumshusha mtu. Rubani yuko chini kabisa ya orodha, na kwa miaka yangu sita ya mwanzo nilikuwa nalipwa kwa mtindo uliozoeleka kwenye ndege ndogo: mshahara wa msingi mwembamba, halafu malipo ya kila saa ya kuruka. Saa yenyewe inahesabiwa tangu ndege inaposogea hadi inaposimama. Kusubiri hakuna bei.

Chukua siku moja ya Julai. Saa mbili asubuhi niko uwanjani nakagua ndege, saa tatu tumeondoka na familia moja kwenda Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Dakika 40 tu. Wao wakapanda gari la kambi, mimi nikabaki na ndege, mti mmoja, na tumbili waliokuwa wakiutazama mkate wangu kama wananidai. Tulikubaliana warudi saa tisa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Stripi, yaani kile kiwanja kidogo cha kutulia, haina taa, na mwisho niliojiwekea wa kuondoka ulikuwa saa kumi na moja na nusu ili nitue Dar kukiwa na mwanga. Saa kumi na moja na dakika ishirini nikaona vumbi. Walikuwa wamekutana na mbwa mwitu, baba mwenye familia anashuka anahema kwa furaha, "Kapteni, ungewaona!" Nilitabasamu, nikawafunga mikanda. Nilimaliza kazi saa moja usiku. Saa 11 za kazi, malipo ya saa moja na dakika 20.

Hiyo ndiyo neema ya msimu. Aprili na Mei mvua za masika zinaharibu barabara za hifadhini, kambi nyingi za kusini zinafungwa, na saa zinakauka. Mwaka ninaousimulia, Agosti niliruka saa 81. Aprili iliyofuata, 17. Kodi ya nyumba Kitunda haikujua kama ni masika. Na mimi nimevuka miaka 40. Kwa kuwa naruka peke yangu na abiria wa kulipa, cheti cha afya nakitafuta kila miezi 6 badala ya 12. Presha ikipanda siku ya vipimo, hata hizo 17 hazipo.

Sasa hapa ndipo penye hatari ambayo mteja haioni. Rubani anayelipwa kwa saa akisema "leo haturuki", anakataa chakula cha nyumbani kwake. Sisemi kwamba tunaruka kwenye radi kwa ajili ya pesa. Nasema sauti ya pesa ipo kichwani, na isingepaswa kuwepo.

Nililijua hilo vizuri asubuhi moja ya masika. Mzee mmoja mfanyabiashara, mteja wetu wa miaka mingi, alifiwa na mama yake Mafia. Maziko baada ya Adhuhuri. Alifika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi na ndugu zake watano, kanzu zimenyooshwa, macho mekundu. Mimi nilikuwa nimeshaongea na Mafia na kuangalia taarifa za hali ya hewa: juu ya delta ya Rufiji kulikuwa na ukuta wa mawingu ya radi, na kisiwa chenyewe kinanyeshewa hakionekani.

"Shikamoo Mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Twende."

"Mzee wangu, kwa sasa haturuki."

Alinitazama kutoka viatu hadi kofia. "Kijana, wewe unalipwa kuendesha ndege. Mawingu ni ya Mungu." Mmoja wa ndugu akanivuta pembeni, akatoa bahasha nene. Niliirudisha mikononi mwake. Mzee akaanza kupiga simu, na nilijua anampigia nani.

Zamani ningesimama mlangoni mwa ofisi na kurudia "usalama kwanza" kama kasuku. Maneno hayo hayamtulizi mtu mwenye maiti inayomngoja. Safari hii nilivuta kiti cha plastiki nikaketi mbele yake, nikamwonyesha kwenye tableti lile doa jekundu lilipo na njia yetu inapopita. Nikamwambia kila nusu saa nitapiga simu Mafia, na kila nikipiga atanisikia mwenyewe. Kisha likanitoka ambalo sikulipanga: "Mzee, mimi nisiporuka leo silipwi. Natamani kuruka kama wewe."

Alinyamaza kidogo. "Hulipwi?"

"Silipwi."

Akaweka simu chini. Tulikaa pale tukinywa chai ya tangawizi ya yule mama wa nje ya geti, nikapiga simu mara sita akisikiliza. Saa nne kasoro Mafia wakasema wanaona mwisho wa ranwei na zaidi. Saa nne tuliondoka, nikazungukia upande wa bahari kulikwepa wingu lililobaki, tukatua dakika 45 baadaye. Alimuwahi mama yake.

Wiki sita baadaye niliitwa ofisini. Mzee alikuwa amempigia bosi, na hakupiga kushukuru. Alimuuliza kwa nini kijana wake anaadhibiwa mfukoni kwa kumnusuru yeye. Bosi alikuwa amewaka. "Umeniaibisha mbele ya mteja wangu. Mambo ya mshahara unampelekea abiria?" Nikapewa onyo la maandishi. Onyo lile nusu nililistahili. Mteja amelipia usafiri, hakulipia shida zangu, na tangu siku ile anayeniuliza nalipwa ngapi namjibu, "Inatosha kunirudisha kesho," tunaendelea.

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Wenzangu walitaka tuandike barua ya pamoja. Mimi niliomba nipewe wiki moja, kwa sababu nilikuwa na daftari. Lile la kawaida la saa za kuruka kila rubani analo. Hili lilikuwa kaunta buku niliyonunua Kariakoo, na kwa miezi 14 nilikuwa nimeandika saa za kuruka, saa za kusubiri, safari nilizoahirisha, sababu, na kama mteja alirudi tena. Mke wangu, ambaye ni mhasibu, ndiye aliyechora safu zake na kunigombeza kila nilipoacha mstari mtupu.

Nililiweka mezani kwa bosi. Nilidhani ataangalia saa za kusubiri, zilizokuwa karibu mara tatu ya zile za kuruka. Hakuziangalia. Kidole chake kilienda safu ya mwisho. Safari nilizoahirisha zilikuwa 9. Wateja 7 kati yao walikodi tena, na wawili waliomba niwaendeshe mimi mwenyewe. Alizihesabu mara mbili kwa kalamu.

"Unataka nini?"

Nilitaka saa 50 za uhakika kila mwezi, niruke nisiruke. Nilitaka safari inayofutwa kwa hali ya hewa ihesabiwe saa moja. Na nilitaka mshahara wa msingi upande, kwa sababu benki inakopesha kwa kuangalia huo, na hata siku ya kuachana, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kiinua mgongo kwa huo: siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10.

Bosi si mtu wa kutoa bila kuchukua. Agosti, akasema, mnavuna. Basi kila saa inayozidi 70 bei yake ipungue. Tulivutana siku tatu. Tukafungia saa 45 za uhakika, saa moja kwa safari iliyofutwa, punguzo kwa saa zinazozidi 75. Mshahara wa msingi ulipanda kidogo sana, sitakudanganya. Posho ya kusubiri aliikataa katakata, na tumbili wa Mtemere mpaka leo nawalinda bure. Wenzangu wawili vijana walininunia, maana wao wanakimbizana na saa 1,500 za leseni ya juu, na kwao kila saa ni ngazi hata ikiwa ya bei ya chini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe baba aliuza kiwanja Kigamboni nikasome.

Kilichobadilika zaidi ni namna ninavyoongea na wateja. Siku hizi simu ya jioni kabla ya safari napiga mwenyewe. Nasema mizigo ni kilo 15 kwa mtu, na mabegi yawe laini, kisha naeleza kwa nini: mzigo unaingia kwenye boksi lililo chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu la magurudumu linagoma kupita mlangoni hata likiwa tupu. Mtu akijua sababu habishani uwanjani. Mama mmoja alikuja na sanduku la gauni la harusi la binti yake, gumu kama jeneza. Tulilitoa gauni tukalilaza kiti cha nyuma na kulifunga mkanda kama abiria, sanduku likabaki ofisini wiki nzima. Kuhusu mvua sitoi tena ahadi ya saa. Tangu ajali ya Bukoba ya Novemba 2022, watu 19 walipokufa ndege ilipoangukia ziwani, wachache sana wanabisha nikisema tusubiri wingu.

Masika haya, Jumanne moja, nilikuwa na watu wanne wa kwenda Kilwa. Saa moja asubuhi anga ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Niliketi nao, nikawaonyesha, tukasubiri hadi saa tano, haikufunguka. Wakaenda zao kutafuta gari. Simu ikaita.

"Umekata safari?"

"Nimekata, Bosi."

Kimya kidogo, nikasikia anavyohema. "Haya. Andika saa yako moja."